Maziwa ya Karagwe na Kipimo cha Speke

Mwandishi wa chakula hujulikana kwa maswali anayouliza penye chakula cha wenyewe. John Hanning Speke, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1827, hakujiita mwandishi wa namna hiyo. Alikuwa askari wa jeshi la Uhindi na mwindaji aliyezoea kupima wanyama aliowaua. Hata hivyo, kitabu chake cha safari cha mwaka 1863 kina maelezo mashuhuri ya ulaji wa ufalme wa Karagwe, ambao sehemu yake kubwa leo ni wilaya za Karagwe na Kyerwa.

Speke alifika kwa Mkama Rumanyika mwezi Novemba 1861. Aliwakuta wake wa wakubwa wamenenepeshwa kwa maziwa hata kusimama kukawa taabu. Alimwomba shemeji wa Mkama ruhusa ya kumpima. Kwa badala yake, akamwonyesha miguu na mikono yake mitupu. Kisha akaandika mkono, kifua na paja kwa futi na inchi. Karibu nao binti wa miaka 16 alikuwa akinywa maziwa, baba yake ameshika fimbo.

Jicho la Speke ni kali: halikosi chombo wala fimbo. Upungufu wake u katika udadisi. Aliuliza sababu, akajibiwa kuwa ndiyo desturi ya wakubwa, akatosheka. Hakufuatilia kwamba kwa Wahima wafugaji unono wa mke ulitangaza wingi wa ng'ombe na ukubwa wa nyumba. Wala migomba ya Wanyambo wakulima, iliyowalisha walio wengi, haikupata ukurasa wa kukumbukwa kama huo.

Mfano wa kinyume unatoka Ukerewe. Aniceti Kitereza, katika riwaya yake ya *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* iliyochapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, anaeleza chakula na pombe pamoja na mikono inayoviandaa na ukwe unaovidai. Kwake, chakula ni mazungumzo ya watu.

Lakini kuzaliwa ndani ya utamaduni hakutoshi. Atakayeandika upya juu ya maziwa ya Karagwe asiifiche fimbo ile kwa kuwa ni ya kwao. Vipimo vya Speke vimesalia kitabuni. Ambalo halimo ni neno la binti yule, kama maziwa yalikuwa matamu, na kama alikwisha shiba.