Sheria ya nyumba: ni nzuri, lakini inachelewa

Ndugu wasomi, mimi ni mtu wa kilimo, si wa droit. Lakini mwaka jana mwenye nyumba alikuja asubuhi, akatoa mlango wa chumba changu, akasema: «Ukipata makuta, mlango utarudi.» Nilikuwa na deni ya mwezi moja tu. Njo nikatafuta sheria.

Sheria iko: namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015. Kwa nyumba ya kukaa, garanti haipashwi kupita miezi tatu. Mkigombana, mnaenda kwanza service de l'habitat, iwapatanishe. Ikishindikana, tribunal de paix. Hata uko na deni, mwenye nyumba hawezi kujifanya juji.

Lawama yangu ni hii: kutoa mlango ni dakika kumi, kupata haki ni wiki kwa wiki, na usiku ule ule vitu vyako viko wazi. Sheria haioni ule usiku.

Lakini na sisi tunajiharibia. Inataka mkataba wa kuandika. Sisi na diplome zetu tunalipa garanti ya miezi sita mkononi, bila risiti, eti «papa ni mtu muzuri». Nilifika habitat bila karatasi hata moja.

Omba mkataba na risiti siku ya kuingia, wakati bado mnachekeana. Akianza kukutisha, andika tarehe, ita chef wa avenue na majirani waone. Siku mlango unatoka, uzuri wa papa hautakutetea.