Mifumo Isomane

Saa kumi na mbili jioni, mageti ya maduka ya Kariakoo yakianza kushushwa, binti mmoja wa kaunta alikuwa ndiyo kwanza anaanza kazi yake ya pili. Alibeba rundo la risiti za mchana kutwa, akapanda ghorofani kwa mama mhasibu, akaketi mbele ya kompyuta nyingine na kuandika upya kile alichokwisha kukiandika: mifuko ya saruji, nondo za milimita 12, misumari, rangi. Programu ya mauzo, niliyoliandikia duka lile mimi mwenyewe, ilikuwa chini. Vitabu vya hesabu vilikuwa juu, ndani ya Tally, programu ya uhasibu. Katikati palikuwa na ngazi, na binti yule ndiye aliyekuwa waya.

Mzee mwenye duka aliniita. "Kijana wangu, hizi mashine zisomane. Huyu mtoto naye awahi kwao."

Nalipenda sana neno hilo, kusomana. Siku hizi Tanzania nzima inalisema, tangu ofisi za serikali hadi maduka ya jumla: mifumo isomane. Vitu viwili vinaweza kuunganishwa na bado visielewane, kama ndugu wa nyumba moja wasiosalimiana. Kusomana kunadai zaidi. Kila mmoja aifahamu lugha ya mwenzake bila kuiacha ya kwake.

Nilikwenda nikidhani kazi ni kuhamisha tarakimu kutoka chini kwenda juu. Mama mhasibu akachomoa risiti moja rundoni. Mteja wa Mkuranga alikuwa ameacha shilingi 2,000,000. Mabati angeyafuata boma lake likifika kwenye linta.

"Hii ni nini?" akaniuliza.

"Mauzo, mama."

"Hapana, mwanangu. Hili ni deni. Tumepokea hela ya mtu na bati hatujampa."

Akachukua penseli, akapiga mstari wa wima katikati ya karatasi. Kushoto akaandika keshi, 2,000,000. Kulia akaandika amana za wateja, 2,000,000. Siku mabati yatakapopakiwa garini, akasema, ndipo amana ipungue na mauzo yaandikwe. (Kodi ina kanuni zake za lini inadaiwa, na hizo nazo alinifundisha, siku nyingine.) Programu yangu ilikuwa ikijua jambo moja tu: hela imeingia. Haikuwahi kuulizwa imeingia kwa niaba ya nini. Utaratibu ule wa pande mbili mtawa Luca Pacioli aliuchapa Venice mwaka 1494, naye aliupata kwa wafanyabiashara waliokuwa wakiutumia tayari. Zaidi ya miaka 500 imepita, na penseli ya mama yule bado ilikuwa ikiidai kila shilingi jibu lile lile: umetoka wapi, umekwenda wapi?

Tangu siku ile sikuandika tena mstari wa programu kabla ya kukaa naye. Tulipitia kila aina ya tukio la kaunta, tukaliuliza jina lake la ghorofani. Mteja akirudisha mabomba. Mteja akilipa nusu keshi, nusu kwa simu. Mfuko wa saruji ukipasukia stoo. Mchana nilikuwa naye, usiku naandika, na asubuhi narudi na maswali mapya.

Kisha ikaja senti. Mteja alinunua koki tatu, kila moja shilingi 10,000, VAT ya asilimia 18 ikiwa ndani. Programu yangu ilikokotoa kodi ya kila koki, 1,525.42, ikajumlisha mara tatu: 4,576.26. Vitabu vilikokotoa kwenye jumla ya 30,000: 4,576.27. Senti moja. Hakuna anayeweza kuiokota sokoni, lakini pande za kushoto na kulia hazikulingana, na vocha ikakataliwa. Nilishawishika kufungua akaunti ya "tofauti ndogo" na kuitupia humo. Mama akanikatalia: leo senti, kesho humo ndimo mtu atakapoficha laki. Tukakubaliana kwamba kodi itakokotolewa mara moja tu, kwenye jumla, na kwamba karatasi aliyoondoka nayo mteja ndiyo itakayotawala. Kaunta na vitabu vyote viifuate.

Somo lililonikaa zaidi lililetwa na giza. Ukiipelekea Tally vocha, hujibu zimeundwa ngapi, zimebadilishwa ngapi, zenye kosa ngapi. Alasiri moja umeme ulikatika baada ya vocha kupokelewa na kuhifadhiwa, lakini kabla jibu halijarudi chini. Programu yangu ilingoja, haikusikia kitu, ikahesabu kwamba haikufika. Umeme uliporudi ikatuma tena. Mauzo ya shilingi 4,130,000 yakaingia vitabuni mara mbili, pamoja na kodi yake ya 630,000, na duka likaonekana kuuza saruji ambayo haikuwahi kuwapo stoo. Mama aliligundua mwisho wa mwezi. Hakunigombeza. Aliniwekea vocha mbili mbele yangu na kuniuliza, "Ipi ni ya kweli?"

Kimya si kukataliwa. Aliyetuma barua asijibiwe hajui kama haikufika, au imefika na jibu ndilo lililopotea njiani, na ufundi wote wa kusomanisha mifumo umejengwa juu ya kutojua huko. Basi kila mauzo nikayapa namba yake pale pale kaunta, namba isiyorudiwa, inayokwenda nayo kila mahali. Kabla ya kutuma tena, programu huuliza kwanza: namba hii unayo? Ikiwa ipo, haitumi tena. Na mauzo yasiyopata njia hupanga foleni chini, muuzaji akiendelea kuuza bila kujua juu kuna giza.

Watu wa Lamu na visiwa jirani walikuwa wakiunda mitepe bila msumari, mbao zikishonwa kwa kamba za nazi. Mshono ule ulilegea kidogo wimbi likipiga, na chombo hakikupasuka. Foleni yangu naiona hivyo. Mifumo miwili ikipigiliwa misumari, mmoja ukianguka unaubomoa wa pili. Ikishonwa, mmoja unayumba na mwingine unasubiri.

Saa nayo ina mambo yake. Anayelipa kwa simu saa nane usiku, tarehe mosi, huweza kuandikwa na seva ya mbali kuwa amelipa mwezi uliopita, kwa kuwa saa ya dunia iko nyuma yetu kwa saa tatu. Hilo lilichukua mstari mmoja kulirekebisha na siku mbili kuligundua.

Tally yenyewe ilianzia India miaka ya 1980, Bharat Goenka alipomwandikia baba yake programu ya hesabu kwa sababu zilizokuwapo hazikuitosha biashara yao. Yaani nayo ilikuwa programu ya biashara moja, kama hii yangu. Jambo hilo hunipa moyo kila ninapokaa na mwenye duka kumsikiliza.

Siku ya kufunga mwezi wa kwanza baada ya marekebisho yote, binti alishaondoka saa kumi na mbili na nusu. Mama mhasibu akaushusha urari polepole, kidole kwenye kioo, akasimama penye mauzo ya tarehe 14. "Hii imetoka wapi?" Nikabonyeza, namba ya risiti ikatokea. Hakutosheka na kioo. Akateremka ngazi, akavuta faili, akapekua, akarudi na nakala ya karatasi, akailinganisha mstari kwa mstari. Kisha akatia alama ya penseli pembeni, akavaa tena miwani yake.

"Haya," akasema, "inayofuata."