Kununua au Kulipia Ruhusa?

Anunuaye jembe huondoka na jembe, na muuzaji hana tena amri juu yake. Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wafasiri wanaoandika "nunua" pasipo maelezo kwa kila mchezo wa kompyuta uuzwao mtandaoni. Kampuni ya Ubisoft ilipozima seva za mchezo wa The Crew mwishoni mwa Machi 2024, waliokwisha kuulipia hawakuweza kuucheza tena. Walichokuwa nacho ni ruhusa tu.

Sheria ya jimbo la California, Marekani, iliyoanza kutumika Januari 2025, hailiruhusu duka kutumia neno hilo bila kumweleza mteja waziwazi kwamba apewacho ni leseni. Haizihusu bidhaa ambazo mteja aweza kuzipakua na kuzitumia daima bila mtandao. Duka la GOG, lililofunguliwa Poland mwaka 2008, hutoa visakinishi vya namna hiyo: mteja huvihifadhi katika diski yake, na duka lijapofungwa, aghalabu mchezo wa mtu mmoja husakinika.

Visakinishi hivyo baadhi huviita "visakinishi nje ya mtandao", ilhali faili zenyewe hupakuliwa mtandaoni! "Kisakinishi kisichohitaji mtandao" ni kirefu, lakini ni kweli. "Kinga ya nakala" ina kasoro kubwa zaidi, maana msomaji hajui kama nakala inalindwa au inazuiwa. "Kizuizi cha kunakili" chataja kazi yake. Nacho kitufe cha dukani, pale mchezo unapotegemea seva ya muuzaji, kiandikwe "Lipia leseni".