Sare ya Dakika ya 63

Ligi Kuu ikianza Agosti, kwenye vibanda umiza vya Pugu utasikia kauli ileile: hizi mechi za mwanzo, timu bado inajijenga. Siikubali kabisa, na ushahidi wangu ni msimu wa 2023/24.

Msimu ule ulifungwa 28 Mei 2024, Yanga wakiwa mabingwa kwa pointi 80. Nyuma yao Azam na Simba walilingana kwa pointi 69, Azam wakapita kwa tofauti ya mabao. Wa pili anakwenda Ligi ya Mabingwa Afrika, wa tatu Kombe la Shirikisho. Wanasimba wengi walidhani kazi imekwisha walipoichapa Azam 3-0 tarehe 9 Mei. Haikutosha, maana deni lilikuwa la tangu 5 Novemba 2023.

Siku hiyo, kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, Yanga iliifunga Simba 5-1. Ukiitazama tena mechi ile, saa nzima ya kwanza ni dabi ya kawaida tu. Kennedy Musonda alifunga dakika ya 3, Kibu Denis akasawazisha ya 9, wakaenda mapumziko 1-1. Maxi Nzengeli akafunga la pili dakika ya 64, na hapo ndipo Simba ilipojimaliza. Ilifunguka mapema mno. Ikapeleka watu mbele kana kwamba zimebaki dakika tano, nyuma pakawa wazi, na kocha wa Yanga, Miguel Gamondi, alikuwa na watu wanaoishi kwa nafasi kama hizo. Stephane Aziz Ki dakika ya 73, Maxi tena ya 77, Pacome Zouzoua kwa penalti ya 87. Mabao manne ndani ya dakika zisizofika 25. Miguu nayo ilikuwa mizito: Oktoba iliyotangulia Simba ilikuwa imetoka kucheza na Al Ahly mara mbili, 2-2 Dar es Salaam na 1-1 Cairo.

Siku mbili baadaye kocha wa Simba, Robertinho, akaondoka, na mtaani gumzo likawa mkono wa vidole vitano. Lakini hesabu ya mabao inapoteza watu. Hata ukiyafuta yale manne ya tofauti, Azam ingebaki juu. Kilichokosekana ni pointi moja. Sare iliyokuwepo dakika ya 63 ingeiachia Simba pointi 70.

Najua Simba ilifika fainali ya Shirikisho mwaka 2025 mbele ya RS Berkane, na Azam ilitolewa mapema kwenye Ligi ya Mabingwa na APR ya Rwanda. Hilo halibadilishi kitu: ile nafasi ya pili ilikuwa mikononi mwa Simba, ikaachiwa Novemba.

Kwa hiyo msimu mpya ukianza, msisubiri dabi. Pointi hupotea hata kwenye mechi zisizo na kelele: Oktoba 2023 Yanga hao hao walifungwa 2-1 na Ihefu. Tazameni timu inayotoka mechi ya CAF, ina mechi mbili za kiporo mkononi, inasafiri mkoani katikati ya wiki. Ikifungwa bao dakika ya 60, angalieni kocha anamtoa nani. Akimtoa kiungo mkabaji wakati imebaki nusu saa, andikeni tarehe ya mechi hiyo, mtaihitaji Mei.