Springi Kwanza, Skrubu Baadaye

Ukitaka kumjua fundi hodari wa shokapu, tazama anachoshika kwanza. Chukua mfano wa Johannesburg: ni kwao Greg Albertyn, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa motokrosi mara tatu mfululizo, 1992 hadi 1994, na hadi leo wazazi huwanunulia watoto pikipiki ndogo za mashindano kama Yamaha YZ65 na KTM 85 SX. Pikipiki hizo zina skrubu za kurekebisha shokapu, na fundi asiyeiva huzikimbilia mara tu pikipiki inapofikishwa kwake. Aliyeiva huanza na futi ya kupimia, tena mtoto mwenyewe akiwa amevaa buti, kofia ngumu na vikinga mwili vyote. Sababu ni kwamba kazi zimegawanyika: springi hubeba uzito, oili huongoza kasi ya kubonyea na kurudi. Skrubu hugusa njia za oili tu. Kama springi haiendani na uzito wa mpandaji, hakuna skrubu itakayoficha kosa hilo.

Vipimo ni vitatu, vyote kutoka kwenye ekseli ya nyuma hadi alama moja iliyowekwa juu yake kwenye madigadi. Cha kwanza huchukuliwa gurudumu likining'inia hewani, cha pili pikipiki ikisimama yenyewe, cha tatu mpandaji akiwa juu yake. Tuseme ni milimita 500, 475 na 410. Pikipiki imezama milimita 25 kwa uzito wake, na 90 ikiwa na mtoto. Kama gurudumu lina nafasi ya kupanda milimita 270, hizo 90 ni theluthi yake, nacho ndicho kiwango ambacho mafundi wengi huanzia. Sasa tazama penye siri ya ufundi. Ile 90 inaweza kupatikana hata kwa springi isiyofaa, kwa kukaza au kulegeza nati yake tu. Kinachoifichua ni kipimo cha pili. Springi laini mno hukazwa sana ili imbebe mpandaji, na pikipiki ikiwa peke yake karibu haizami kabisa. Springi ngumu mno hulegezwa sana, na pikipiki huzama kupita kiasi hata bila mtu. Kwa hiyo fundi anayekupa namba ya mpandaji peke yake amekupa nusu ya jibu.

Wapo watakaosema kwamba mpandaji mzuri huhisi, hahitaji futi. Hisia zina thamani kubwa, lakini mtoto wa miaka tisa atakuambia tu kwamba pikipiki inamtupa. Kurushwa huko kunaweza kutokana na springi ngumu, na pia na oili inayoachia springi irudi haraka mno. Vipimo huondoa sababu ya kwanza, ndipo hisia zikaongoza skrubu, hatua moja moja, kila badiliko likijaribiwa kwenye njia ileile. Wengine hununua springi ngumu makusudi kwa kuwa mtoto anakua. Nia ni kubana matumizi, lakini gurudumu lisilobonyea halishiki ardhi, na udongo wa Johannesburg wakati wa majira ya baridi, Juni hadi Agosti, huwa mkavu na mgumu, wenye matuta yaliyoachwa na breki kila kona. Mtoto anayerushwa hapo hujifunza woga. Heri kupima upya kila anapoongezeka uzito.

Mji huu una jambo lake jingine. Uko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko Durban iliyo pwani. Shokapu ya mbele iliyofungwa pwani hufika huku ikiwa na hewa inayosukuma kutoka ndani. Huwa ngumu zaidi na huzichosha sili. Fundi makini huinua gurudumu la mbele, hulegeza skrubu ndogo iliyo juu ya kila mguu wa shokapu, husikia hewa ikitoka, kisha hufunga. Kwa KTM 85 SX za miaka ya karibuni, ambazo mbele hutumia hewa badala ya springi, hupima upya kwa geji na kurudisha kiwango kinachomfaa mpandaji. Asiyeuliza pikipiki imetoka wapi hajaanza kazi.

Kwa hiyo, mzazi, usihukumu kazi kwa rangi ya springi wala kwa bei. Dai karatasi yenye vipimo vitatu, uzito wa mtoto akiwa amevaa vifaa vyote, na idadi ya hatua za kila skrubu. Fundi asiyeweza kukuandikia hayo, usimwachie pikipiki ya mwanao.