Dakika 16 za Kazi

Sigara ya kielektroniki ya kutupa, ile fupi ambayo vijana huiita vepu, haina kitufe, haina tundu la chaji wala mahali pa kuongezea kimiminika. Unavuta, kitaa cha kitakoni kinawaka, mvuke unatoka. Ikiisha, unatupa. Urahisi huo ndio ulioiuza Ulaya na Marekani, na ndio unaoipandisha milimani kwetu Usambara mifukoni mwa wageni wanaokwenda Irente, Magamba na Mtae, na mifukoni mwa vijana wanaorudi nyumbani kutoka mjini. Swali la safu hii ni la kifundi: je, kifaa hiki kinafaa kuwa cha kila siku kwa mtu anayeishi Lushoto? Jibu langu ni hapana. Sababu kubwa si ladha yake wala bei yake. Imo ndani ya bomba lenyewe, na haionekani mpaka ganda litoke.

Ganda likishatoka, vitu ni vichache mno. Juu, karibu na mdomo, kuna sponji nyeupe iliyolowa kimiminika chenye harufu ya tunda. Katikati ya sponji unapita mrija mwembamba, na ndani ya mrija kuna uzi wa pamba uliozungushiwa waya mwembamba, ambao ndio koili. Chini yake imekaa betri ya mviringo, kipenyo chake milimita 13 hivi na urefu wake milimita 40. Kitakoni kabisa kuna kidude cha duara chenye ngozi nyembamba ndani, cha ukoo mmoja na kipaza sauti cha simu. Ukivuta, shinikizo la hewa upande mmoja wa ngozi ile linashuka, ngozi inajipinda, na saketi ndogo inaruhusu umeme wa betri kwenda kwenye koili. Ukiacha kuvuta, umeme unakatika. Waya mbili tatu za kuunganishia, basi. Kwa upande wa usanifu ni kazi safi, na anayebeza hilo hajui ugumu wa kuunda kitu kisichohitaji maelekezo.

Sasa tuingie kwenye namba, kwa sababu namba ndizo zinazotangazwa. Boksi la kifaa cha kawaida cha aina hii linasema pafu 600. Betri yake huandikwa 550 mAh, volti 3.7. Ukizidisha unapata nishati ya wati-saa 2 hivi, sawa na jouli 7,300. Koili yenye ukinzani wa omu 1.8 hula karibu wati 7.6 kwa volti hizo. Gawa jouli kwa wati, utapata sekunde 960. Hizo ni dakika 16. Uhai wote wa kifaa, tangu pafu la kwanza hadi la mwisho, ni dakika 16 za kupasha waya moto.

Na pafu 600 zinatoka wapi? Mtu akivuta kwa sekunde moja na nusu, sekunde 960 zinampa pafu 640. Akivuta kwa sekunde tatu, zinabaki 320. Kwa hiyo ahadi ya kwenye boksi si uongo, lakini ni ahadi ya mvutaji wa pafu fupi, na mtu aliyezoea sigara ya kawaida ataona kifaa kimekufa mapema. Tena, vile vya bei ya chini havina kidhibiti cha volti. Betri ikiwa mpya inatoa volti 4.2, na karibu na mwisho inatoa kama 3.4. Kwa koili ileile, nguvu imeshuka kwa theluthi nzima. Mvuke unapungua, mvutaji anavuta kwa muda mrefu zaidi ili kufidia, na hesabu inazidi kuharibika.

Kimiminika nacho kina hesabu yake. Umoja wa Ulaya na Uingereza wameweka ukomo wa mililita 2 kwa kifaa na miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita, yaani miligramu 40 kwa jumla. Ukomo huo haujilindi wenyewe. Februari 2023, Elf Bar 600, iliyokuwa ikiuzwa sana Uingereza, iliondolewa kwenye maduka makubwa baada ya baadhi ya vifaa kukutwa na kimiminika cha zaidi ya mililita 3. Huko kuna maabara, kuna waandishi wanaonunua na kupima, na bado bidhaa ilikaa rafuni kabla ya kugunduliwa. Kwetu Tanzania, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ndiyo iliyopewa jukumu la kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2021, chini ya sheria ya tumbaku ya mwaka 2003. Sheria ile inakataza kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18, lakini iliandikwa wakati kifaa hiki hakijafika kwenye soko lolote la maana duniani. Uganda walikitaja kifaa hiki waziwazi katika sheria yao ya udhibiti wa tumbaku ya mwaka 2015, wakapiga marufuku uingizaji na uuzaji wa sigara za kielektroniki.

Halafu kuna mlima. Barabara ya kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto ina kilomita 33 tu, lakini inakupandisha karibu mita 1,000. Hewa ya Mombo ina shinikizo la kilopaskali 96 hivi, na ya Lushoto kama 86. Hewa iliyofungiwa ndani ya kifaa inataka kutanuka kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na ukiwa umetoka nayo Tanga mjini au Dar es Salaam, zaidi ya hapo. Baridi ya juu inarudisha kiasi fulani, lakini kifaa kilichokaa mfukoni, karibu na mwili, hakipoi sana. Hewa inayotanuka ndani ya sponji inasukuma kimiminika kuelekea kwenye mrija wa kati. Ndiyo maana mtu akiteremka kwenye basi stendi ya Lushoto na kuvuta pafu la kwanza, anaweza kusikia mgugumo na kuonja matone machungu kwenye ulimi. Matone hayo ni kimiminika chenye nikotini ambacho hakikugeuka mvuke. Kikiteremka upande wa pili kinafika kwenye ile ngozi ya kitakoni, na ngozi iliyolowa inaweza kuwasha koili yenyewe bila mtu kuvuta. Ajabu ni kwamba ngozi hiyo kavu haina tatizo lolote na mwinuko, kwa sababu inapima tofauti ya shinikizo la pande mbili na si shinikizo lenyewe. Inafanya kazi Mtae sawasawa na Pangani. Mbuni alilifikiria pafu vizuri, hakuifikiria safari.

Baridi ina kesi yake. Kimiminika ni mchanganyiko wa propilini glaikoli na gliserini, na gliserini hubadilika haraka kwa joto: ikiwa tupu, kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 10 inakuwa nzito zaidi ya mara sita. Asubuhi ya Julai, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mabonde ya Magamba, kimiminika kinapanda kwenye pamba polepole. Mtu akivuta mara tatu mfululizo, koili inawaka wakati pamba imekauka. Hapo ndipo inapokuja ile ladha ya kuungua inayokwaruza koo. Ladha hiyo ichukuliwe kwa uzito: gliserini iliyopashwa moto kupita kiasi hutoa akrolini, na pamoja nayo formaldehaidi, kemikali zilezile zinazolaumiwa katika moshi wa sigara. Sifa kubwa ya kifaa hiki ni kwamba hakichomi kitu, na katika pafu kavu sifa hiyo inapotea.

Nikotini yenyewe inastahili maelezo kidogo, kwa sababu hapo ndipo ulipo ustadi mkubwa, na hatari kubwa. Tumbaku ya milima hii ina historia ndefu ya ulaini. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepanda hadi Vuga mwaka 1857 enzi za mfalme Kimweri ye Nyumbai, aliandika habari za tumbaku ya Usambara iliyotwangwa kwenye vinu vya mbao, ikatengenezwa vipande vyembamba vya duara, ikafungwa kwa majani makavu ya mgomba na kupelekwa Unguja, ambako mabaharia waliisifu kwa kuwa laini. Ulaini ule ulitoka kwenye jani na mkono wa mtayarishaji. Ulaini wa sigara ya kutupa unatoka maabara: nikotini inachanganywa na asidi, mara nyingi asidi benzoiki, nayo inageuka chumvi isiyokwaruza. Koo la binadamu lina kengele yake, linakataa nikotini kali. Chumvi hii inanyamazisha kengele. Ndiyo maana kijana ambaye hajawahi kuvuta anaweza kuvuta kimiminika cha miligramu 20 bila kukohoa, na asijue ameingiza nini.

Kwa haki, kifaa hiki kina utetezi. Mvutaji wa sigara anayeacha kabisa na kuhamia huku anapunguza sana sumu zinazotokana na kuungua kwa tumbaku, na mapitio ya tafiti ya Cochrane yameona kwamba sigara za kielektroniki zenye nikotini huwasaidia watu kuacha sigara zaidi kuliko vibandiko na ubani wa kutafuna wa nikotini. Sina ugomvi na hilo. Lakini anayetaka kuacha hahitaji kifaa cha kutupa, maana vipo vya kuchaji na kujaza. Na aina hii ya kutupa ina doa lake: watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliochapisha matokeo mwaka 2025, walikuta baadhi ya vifaa vya kutupa vinatoa madini ya risasi, nikeli na kromiamu kwenye mvuke, na kimoja kilitoa risasi nyingi kwa matumizi ya siku moja kuliko karibu pakiti 20 za sigara. Chanzo cha risasi kilikuwa vipande vya aloi ya shaba ndani ya kifaa, ambavyo vililowa kwenye kimiminika.

Nirudi kwenye betri, kwa sababu hukumu yangu imesimama hapo. Ni betri ya lithiamu ya kuchajiwa, jamii ileile ya betri ya simu. Watafiti wa University College London, UCL, walizitoa betri hizi kwenye vifaa vya kutupa na kuzichaji tena na tena, na matokeo yao ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba zinastahimili mamia ya mizunguko. Mojawapo ilibaki na zaidi ya asilimia 90 ya uwezo wake baada ya mizunguko zaidi ya 700. Fundi simu yeyote wa sokoni akiigusa kwa testa atakwambia, “Kaka, hii betri bado nzima kabisa.” Ndivyo ilivyo. Imechimbwa madini yake, imetengenezwa kiwandani, imesafirishwa kuvuka bahari, imefanya kazi dakika 16, na inatupwa ikiwa nzima.

Mchukue mtu aliyekuwa akivuta sigara 10 kwa siku, pafu 12 kwa kila sigara. Hizo ni pafu 120, na kifaa cha pafu 600 kinamtosha siku tano. Kwa mwaka anatupa vifaa 73. Betri zake kwa jumla zina uwezo wa zaidi ya mAh 40,000, sawa na betri nane za simu za mAh 5,000. Mtu mmoja huyo. Uingereza mwaka 2023 ilikadiriwa kwamba vifaa milioni 5 vilikuwa vikitupwa kila wiki, na nchi ile ikaishia kupiga marufuku uuzaji wake kuanzia Juni 1, 2025. Ubelgiji ilitangulia Januari mwaka huohuo. Hizi ni nchi zenye magari ya taka na viwanda vya kuchakata, na zimeshindwa.

Vijiji vya Lushoto havina mambo hayo. Taka za nyumbani zinaishia kwenye shimo nyuma ya nyumba na kuchomwa jioni, na watoto wanazunguka hapo. Betri ya lithiamu ndani ya moto inapasuka, inarusha gesi zinazowaka na mvuke wenye sumu ya floridi. Isiyochomwa inazikwa juu ya mteremko, na mteremko wetu una mfereji chini yake, na mfereji una bustani ya kabeji na karoti. Maji yanayopita Soni yanashuka hadi kwenye mashamba ya mpunga ya Mombo. Chochote tunachokiacha juu, wa chini wanakipata.

Kwa hiyo kama kifaa cha kila siku hapa, sigara ya kielektroniki ya kutupa haifai. Asiyevuta asiiguse kabisa. Anayevuta na anataka kuacha aende kituo cha afya akapate ushauri. Aliyenayo tayari asiifungue kwa kisu wala asiichaji kwa waya wa kuunga, kwa kuwa betri hizi kwa kawaida hazina saketi ya kujilinda. Ikiisha, aiweke ndani ya kopo kavu mbali na watoto, asiitie kwenye shimo la moto, mpaka apatikane wa kuipeleka kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye kibali. Na waongoza watalii wetu, ninyi mnaowapokea wageni kabla hawajaingia msituni, waambieni mapema na bila aibu: aliyekuja nayo aondoke nayo.