Kisasi na Dia: Damu kama Deni katika Fasihi

Katika Kiswahili kisasi hulipwa. Neno lenyewe lilitoka Kiarabu, na huko lilikotoka lilikuwa istilahi ya sheria: maana yake ni usawa wa malipo, yaani jicho kwa jicho, wala si macho mawili kwa jicho moja. Lilipofika pwani ya Afrika Mashariki likaandamana na kitenzi cha wafanyabiashara, lipa. Tangu hapo mtu hulipa kisasi au hulipiza, na katika hilo la pili mkosaji hugeuzwa kuwa mdaiwa anayelazimishwa kutoa alichonacho. Pamoja na kisasi lilikuja neno dia, yaani mali itolewayo badala ya damu iliyomwagwa. Aya ya 178 ya Sura ya Al-Baqara inavitaja pamoja kisasi, msamaha na malipo kwa wema.

Leo msikilizaji wa kawaida asikiapo kisasi huwazia hasira: jicho jekundu, kisu gizani. Maana ya hesabu imefifia. Kufifia huko si kosa la wasemaji, maana lugha hubadilika. Lakini kumewazoeza wahakiki kuisoma fasihi ya uhasama wa koo kana kwamba ni fasihi ya hasira tupu.

Mfano ulio karibu na kila mwanafunzi ni Romeo and Juliet ya Shakespeare, iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1597. Hufundishwa kwamba tamthilia hiyo yahusu chuki ya nyumba mbili za Verona, na mapenzi ya vijana wawili waliozaliwa ndani ya chuki hiyo. Hata hivyo Shakespeare hasemi popote chuki hiyo ilianzaje. Hali kadhalika Mark Twain katika Adventures of Huckleberry Finn (1884): kijana Buck Grangerford, aulizwapo na Huck chanzo cha vita vyao na akina Shepherdson, hana jibu. Wahakiki wengi huona katika kimya hiki kejeli, yaani ushahidi kwamba wahusika ni wapumbavu. Iko tafsiri nyingine iliyo nyoofu zaidi. Mrithi wa deni hana haja ya kujua fedha zilikopwa kwa ajili gani. Humtosha kujua kiasi, na zamu ni ya nani. Tena Shakespeare anaufunga mchezo wake kwa namna ambayo haijazingatiwa vya kutosha: mzee Montague anaahidi kusimamisha sanamu ya Juliet ya dhahabu safi, na mzee Capulet anaahidi kadiri ile ile kwa Romeo. Hiyo ni dia, japo watu wa Verona hawakuwa na jina lake.

Mwandishi aliyeifuata hesabu ya damu hadi ukurasa wake wa mwisho ni Ismail Kadare wa Albania (1936–2024), katika riwaya yake Prilli i Thyer ya mwaka 1978, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Aprili Iliyovunjika. Mandhari ni milima ya kaskazini mwa Albania, katika kipindi cha baina ya vita viwili vya dunia. Serikali ilikuwako Tirana, lakini milimani mambo ya watu yaliamuliwa na Kanun, sheria ya mapokeo inayonasibishwa na Lekë Dukagjini, mtawala wa karne ya 15. Sheria hiyo ilikaa vichwani mwa wazee kwa karne nyingi, hata padri Shtjefën Gjeçovi wa shirika la Wafransisko alipoikusanya. Yeye mwenyewe aliuawa mwaka 1929, na kitabu kamili kikatoka mwaka 1933 kikiwa na vifungu 1,262. Vifungu hivyo vinahusu ndoa, nyumba, mgeni, mifugo, mipaka na damu, na damu imeandikwa kwa mkono ule ule uliotulia ulioandika habari za mifugo.

Gjorg Berisha anamvizia Zef Kryeqyqe barabarani tarehe 17 Machi na kumpiga risasi. Zef alikuwa amemuua kaka yake Gjorg, na shati la marehemu limetundikwa ghorofani, likingojewa damu yake igeuke rangi. Lakini msomaji akitafuta chuki katika moyo wa Gjorg hataiona. Baba ndiye anayemhimiza, na Gjorg anakwenda kama mtu aendaye kulipa kodi ya kichwa. Mara ya kwanza alimjeruhi Zef tu, na familia yake ikatozwa faini, kwa kuwa jeraha nalo lina bei. Baada ya kuua anamgeuza maiti, anamwekea bunduki kichwani pake, kisha anakwenda kuarifu kijiji. Anahudhuria mazishi. Anakula karamu ya matanga nyumbani kwa mtu aliyemuua. Anapewa besa, ahadi ya amani ya siku 30, na baada ya tarehe 17 Aprili yeye naye ni windo.

Chanzo cha yote hayo kilikuwa miaka 70 nyuma, usiku mgeni asiyejulikana alipobisha mlango wa akina Berisha. Alipokewa, akalala, asubuhi akasindikizwa. Mpakani mwa kijiji akapigwa risasi na mtu wa ukoo wa Kryeqyqe, akaanguka uso ukielekea kijijini. Kwa sababu uso ulielekea huko, damu yake ikawa dhima ya waliomkaribisha. Lau angaligeukia upande wa pili, akina Berisha wasingalidaiwa kitu. Makaburi 44 yalizaliwa na mwelekeo wa uso wa mtu ambaye hakuna aliyemjua. Msomaji wa pwani, ambaye amelelewa katika sifa za kumkirimu mgeni, ana sababu ya kutulia kidogo hapa. Kadare haonyeshi ukatili uliotoka nje ya maadili ya jamii. Ukarimu wenyewe ndio uliozaa mauaji, na mtu hawezi kuung'oa mmoja akauacha mwingine umesimama.

Kiini cha riwaya, hata hivyo, hakimo katika safari ya Gjorg. Kimo katika sura inayomhusu Mark Ukacierra, msimamizi wa damu katika ngome ya Orosh. Kila muuaji sharti afike Orosh kulipa kodi ya damu, na kodi hiyo ni pato la mkuu wa ngome. Ukacierra ana vitabu vya hesabu vya miaka mingi, na anavipekua usiku kwa wasiwasi kwa sababu mauaji yamepungua. Tarehe 17 Machi ingalipita tupu kama si risasi ya Gjorg. Hapa Kadare anauvua ushujaa joho lake. Watu wa milimani wanadhani wanatunza heshima ya mababu, kumbe wanajaza ghala la mtu mmoja. Daktari anayetembea na waamuzi wa Kanun analisema jambo hili waziwazi, kwamba damu imefanywa bidhaa. Na yumkini hiyo ndiyo dosari ya kiusanii, maana sura ya Ukacierra ilikwisha kusema hayo kwa ufundi mkubwa zaidi, bila mhusika kupewa hotuba. Huenda mwandishi aliyekuwa chini ya serikali ya Enver Hoxha aliona ni busara kumpa daktari maneno ambayo wakaguzi wangeyafurahia.

Katika riwaya hiyo yumo pia mwandishi, Bessian Vorpsi, aliyemleta mkewe Diana milimani kwa fungate ili wakaione Kanun kwa macho. Bessian ana maneno mazuri juu ya ukuu wa kifo na utukufu wa sheria ya kale. Kadare anamwacha aseme mpaka msomaji achoke naye, na adhabu ya Bessian ni kwamba mkewe, baada ya kumwona Gjorg mara moja tu, anaacha kumsikiliza. Wako wahakiki wanaouona mtazamo wa macho ya Diana na Gjorg kuwa kisa cha mapenzi kisichokamilika. Tafsiri hiyo ni dhaifu. Diana ameona kile ambacho mumewe alikuwa akikisimulia kama ngano, nacho ni kijana mwenye kitambaa cheusi mkononi na siku zinazohesabika. Lakini ni kweli pia kwamba Kadare hajui la kufanya na Diana baada ya hapo. Katika Kanun damu ya mwanamke haihesabiwi katika zamu za kuua na kuuawa. Na mwanamke huyu wa mjini anatangatanga katika nusu ya pili ya kitabu kama mtu ambaye hata mwandishi wake hana safu ya kumwandika.

Historia iliyofuata haikumpa Bessian haki. Huko Kosovo, mwaka 1990, mwanafasihi simulizi Anton Çetta aliongoza kampeni iliyowafanya mamia ya watu kusamehe damu hadharani bila malipo, na tarehe 1 Mei umati mkubwa ulikusanyika Verrat e Llukës kwa kazi hiyo. Nchini Albania kwenyewe mambo yalikwenda kinyume: utawala wa kikomunisti ulipoanguka mwaka 1991 uhasama wa damu ulirudi, na wako wavulana waliofungiwa majumbani wasiende hata shule. Mtu aliyetumia maisha yake kukusanya hadithi na nyimbo za watu alifanikiwa mahali ambapo mahakama zilishindwa, na hilo ni jambo la kuwafikirisha wanaodhani fasihi simulizi ni ya makavazi tu.

Mambo haya si ya Ulaya peke yake. Riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart (1958), ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1973 kwa tafsiri ya Clement Ndulute iitwayo Shujaa Okonkwo, inaanza na dia. Mwanamke wa Umuofia ameuawa Mbaino. Vita vinaepushwa kwa Mbaino kutoa mvulana na mwanamwali. Wahakiki wamekwisha kuandika mengi juu ya Ikemefuna, mvulana aliyekaa kwa Okonkwo miaka mitatu akimwita baba, kisha akauawa. Na ni haki yake kuandikwa. Msichana je? Anapelekwa kwa mume wa marehemu kuziba pengo, na tangu ukurasa huo hatajwi tena. Achebe hakumpa jina. Haielekei kuwa ni usahaulifu, maana Achebe ni fundi mwangalifu wa majina. Deni lake lilipolipwa alitoka katika daftari, na riwaya ikamwacha hapo alipoachwa na wazee.

Kwa msomaji wa Kenya suala hili lina makali yake. Katika fikihi dia ya mtu ni ngamia 100, na ya mwanamke nusu yake. Azimio la Modogashe la mwaka 2001, lililokusudiwa kutuliza mapigano ya wafugaji wa kaskazini, lilifuata uwiano huo huo wa nusu. Kifungu cha 159 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaziagiza mahakama ziendeleze njia za jadi za usuluhishi, mradi zisivunje haki za binadamu. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilimwachilia mshtakiwa wa mauaji baada ya familia mbili kupatana kwa ngamia na mbuzi. Wanasheria walibishana, na si majaji wote waliofuata mwendo huo. Wanaoutetea husema, na husema kweli, kwamba kufungwa kwa mtu mmoja hakukati deni kati ya koo, na kwamba malipo huzima moto kabla haujafika nyumba ya tatu. Wanaoupinga huuliza maisha ya nani yamekadiriwa, na nani aliyekaa chini ya mti kukadiria. Pande zote mbili zingefaidika kumsoma Achebe tena, hasa kwa ajili ya yule msichana.

Fasihi ya Kiswahili yenyewe imelishughulikia jambo hili kwa uchache. Katika Kichwamaji (1974) Euphrase Kezilahabi anamchora Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, ambaye dada yake Rukia ameharibiwa na Manase. Kazimoto anakusudia kulipa kwa kipimo kile kile, kwa Sabina, dada yake Manase. Mpango huo ni kisasi kwa maana yake ya kale kabisa, dada kwa dada, nao umebuniwa na mtu anayejiona ameziacha mila nyuma. Anaishia kumwoa Sabina. Wengi wameisoma riwaya hii kama mchezo wa falsafa ya kukata tamaa, na wamepita haraka mno mahali ambapo msomi anapanga kuutumia mwili wa msichana kama noti ya kulipia deni la mwanamume mwenziwe.

Uko utungo mwingine ambao haujazoeleka kusomwa kwa jicho hili, nao ni Utenzi wa Fumo Liyongo wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913. Sultani wa Pate ni jamaa ya Liyongo, na anamtaka Liyongo afe. Hatumi jeshi, anamtumia mtoto wa Liyongo mwenyewe, anayemchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba. Uhodari wa hila hii kwa kawaida huelezwa kwa siri ya mwili wa shujaa. Uko pia uhodari wa kisheria. Mwenye haki ya kudai damu ya Liyongo ni mwanawe, na mwanawe ndiye muuaji. Sultani amechagua mkono ambao ukishaua hakuna anayebaki kudai, na malipo aliyomwahidi kijana hayakumfikia. Methali hushauri kwamba ndugu wakigombana mtu achukue jembe akalime. Watu wa mji wanafanya karibu hivyo, wanasimama mbali na kisima kwa siku kadhaa, wakiwa na kiu, kwa kuiogopa maiti iliyopiga goti na upinde umevutwa. Anayeombwa kwenda mbele ni mama yake Liyongo. Anamwendea akiimba, ili ampoze mwanawe anayedhani kuwa amekasirika, mpaka maiti inaanguka. Yeye ni mama wa aliyeuawa na bibi wa aliyeua, na katika utenzi mzima hakuna anayemuuliza anadai nini.